Uzi wa Bluu

"Nilikaa mpaka saa nne sijui watu wanacheka nini," mteja alisema, akaibwaga sketi juu ya meza ya mapokezi. "Nimepeleka chai kwa wageni, nimepita mbele ya wakubwa, nimepanda ngazi na kushuka. Halafu mfagizi ndiye ananivuta pembeni ananiambia, dada, hebu jiangalie nyuma."

Wateja waliokuwa wakipekua nguo kwenye vyuma vya kutundikia waliacha kupekua. Mmoja alinyoosha shingo. Sketi ilikuwa ya rangi ya maziwa, kitambaa kizito kizuri, na nyuma yake, chini kidogo ya zipu, palikuwa na doa la manjano lenye ukubwa wa kiganja cha mtoto. Doa la zamani, limefuliwa mpaka likafifia, lakini lipo.

Msusi alikuwa amesimama karibu na kioo, ameshika bakuli la chakula cha mumewe lililofungwa kwa kitambaa. Kila Jumamosi, akishamaliza kichwa cha mwisho cha asubuhi, humletea mumewe chakula kazini. Leo aliona amefika saa mbaya. Mumewe, ambaye duka zima na nusu ya mtaa humwita Kipimo, alikuwa nyuma ya meza ameinamisha kichwa. Pembeni yake alisimama mwenzake wa mapokezi, msichana mwembamba wanayemwita Mpole.

Mwenye duka alitoka chumba cha nyuma. Alikuwa mama wa makamo, na wafanyakazi wake walimwita Tajiri, ingawa viatu vyake vilikuwa vimetengenezwa na fundi zaidi ya mara moja. Hakuuliza hadithi. Aligeuza kiuno cha sketi ndani nje, akatafuta kilebo, akavaa miwani.

"Uzi wa bluu," alisema.

Ndivyo duka lile lilivyoendeshwa. Watu walileta nguo walizozichoka, au nguo ambazo bado walizipenda lakini walihitaji pesa yake zaidi. Mpokeaji alizikagua makwapa, pindo, kola na zipu, akapatana bei na mwenye nguo, akazinunua. Kisha, kabla nguo haijapigwa pasi na kutundikwa, alipitisha mshono mmoja mdogo kwenye kilebo kwa uzi wa rangi yake. Kijani ulikuwa wa Kipimo, bluu ulikuwa wa Mpole. Nguo ikirudishwa na mnunuzi kwa sababu ya ila ambayo haikuonekana, hakukuwa na kunyoosheana vidole. Tajiri aliutazama uzi, ubishi ukaisha. Na mpokeaji aliyerudishiwa nguo tano ndani ya mwaka mmoja aliacha kazi. Sheria hiyo ilikuwa imemwondoa hata mpwa wa Tajiri.

"Hii ya tano," Tajiri alisema.

"Tajiri, mimi sketi hii siikumbuki." Sauti ya Mpole ilikuwa ndogo mno.

"Kwa wiki mnapokea nguo mia mbili. Nani anazikumbuka?"

"Lakini doa kubwa hivi ningeliona."

"Hata mimi ndiyo nashangaa. Lile koti lililopauka mgongoni ungeliona. Ile blauzi yenye wino ungeiona." Tajiri alivua miwani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. "Mrudishie dada pesa yake. Jumatatu asubuhi uje tumalizane."

Mteja alikuwa ameanza kujuta. "Jamani, mimi sikutaka mtu afukuzwe kazi. Nilitaka changu tu."

"Chako unapewa, mwanangu. Hayo mengine ni yetu."

Mpole alihesabu noti, akakosea, akahesabu tena. Mama mmoja aliyekuwa amebeba mashati matatu mkononi alimwambia mwenzake, kwa ule mnong'ono unaosikika mpaka barabarani, "Kumbe ndiye huyu aliyepokea lile gauni langu la kifungo kilichokatika." Akayarudisha mashati yote matatu kwenye chuma.

Kipimo alimgusa Mpole begani. "Jikaze, mdogo wangu," alimwambia.

Msusi alikuwa anaitazama ile sketi, na alikuwa anaijua. Wiki mbili zilizopita alikuwa amepita dukani kuchukua ufunguo wa nyumba, akamkuta mumewe na mwalimu mmoja mstaafu aliyeleta nguo zake zimefungwa kwenye gazeti. Mwalimu aliitoa sketi ile ile akasema, "Hii niliivaa siku ninaagwa kazini. Tangu hapo nimenenepa kwa furaha, hainiingii hata mguu mmoja." Walicheka wote watatu. Kipimo aliipokea kwa mikono yake mwenyewe, akasugua kitambaa kati ya vidole, akasema, "Sufu ya kweli hii, mwalimu. Siku hizi hawafumi hivi." Siku hiyo Mpole hakuwepo hata dukani, alikuwa amempeleka mdogo wake zahanati.

Sketi aliipokea Kipimo. Uzi ulikuwa wa Mpole.

Msusi alifungua mdomo. Mpole alikuwa anafuta macho kwa kiwiko, Tajiri alikuwa ameshageuka, na mumewe alikuwa anamtazama, au anatazama upande wake. Aliweka bakuli juu ya meza, akasema ana kichwa kinamsubiri nyumbani, akaondoka. Hakukuwa na kichwa chochote kilichomsubiri.

Kipimo alirudi jioni kabla taa hazijawashwa, akakaa kwenye kiti chake cha karibu na mlango bila kuvua viatu.

"Yule binti anamwaga unga Jumatatu," alisema. "Chakula chako nimekila nusu. Hakikupita."

"Nimeona."

"Nilimfundisha mimi. Alipokuja hajui pamba wala nailoni. Miaka minne hajarudishiwa hata soksi. Sasa miezi mitatu hii, sijui kamepatwa na nini. Mawazo labda. Yule mdogo wake haachi kuumwa."

Msusi alikuwa anapanga vitana vyake kwenye kikapu. Alivipanga, akavitoa, akavipanga upya. "Na zako ngapi zimerudi miezi mitatu hiyo?"

"Zangu?" Alijinyoosha kidogo. "Hata moja."

Alisema kwa fahari ndogo ya mtu aliyechoka, na fahari ile ilimchoma mkewe kama sindano. Alimtazama mwanamume aliyeishi naye miaka ishirini na mmoja. Hakuwahi kumkuta na uongo mkubwa. Ule mdogo wa kila nyumba, ndiyo: bei ya viatu, saa aliyotoka kwa rafiki. Lakini kumtumbukiza msichana wa watu shimoni, kisha kumpapasa bega?

"Yule mwalimu mstaafu aliyeleta nguo kwenye gazeti," alisema, "unamkumbuka?"

"Mcheshi yule! Namkumbuka, kwa nini?"

"Alileta nini?"

"Magauni mawili na sketi ya sufu. Sufu safi."

"Ya rangi gani?"

Kipimo alijikuna kidevu. "Nyeupe, nadhani. Au ya kijivu. Mbona unanihoji kama askari?"

"Basi tu," msusi alisema, akaingia jikoni. Alisimama pale muda mrefu bila kuwasha kitu. Maana sasa alikuwa na jambo la pili la kuogopa, nalo lilikuwa ndani yake mwenyewe. Alikuwa amepiga hesabu. Kama Mpole ataondoka Jumatatu, mumewe atabaki. Kama mumewe ataondoka, pango la nyumba, shule ya binti yao na unga wa mwezi vitategemea vichwa anavyosuka yeye barazani, na wiki nyingine vichwa vyenyewe ni vitatu. Alijichukia kwa kuipiga hesabu hiyo haraka namna ile.

Jumapili mchana alikuwa barazani anamsuka binti yake. Shule zilikuwa zimefungwa, na binti, aliyekuwa kidato cha tatu, alikuwa amebembeleza wiki nzima aruhusiwe kuchanganyiwa nywele za rangi, kidogo tu, kwenye ncha. Pakiti zilikuwa zimetandazwa kwenye mkeka: za kijani, za bluu na za zambarau. Kipimo alikuwa ameketi hapo hapo na redio ndogo sikioni, anasikiliza mpira.

"Wamefungwa tena?" binti alimuuliza.

"Hawa hawafungwi, mwanangu. Hawa wanagawa."

Mikono ya msusi ilikuwa imejaa. Tangu jana hakuwa amezungumza na mumewe maneno kumi, na alitaka kusema la kumi na moja kabla binti hajashtukia. "Nisogezee hizo za kijani," alisema. "Hapo karibu na mguu wako."

Kipimo aliinama, akapapasa mkekani, akampa pakiti.

Ilikuwa ya bluu.

Binti aliangua kicheko. "Baba! Za kijani."

"Nawatania nione kama mko macho," Kipimo alisema, naye akicheka, akairudisha pakiti chini. Akachukua nyingine. Aliisogeza karibu na uso, akaigeuza kwenye mwanga, akaitoa kwa mkewe kwa uhakika kabisa.

Ilikuwa ya zambarau.

Safari hii binti hakucheka. Redioni watu walikuwa wanapiga kelele. Kipimo aliendelea kunyoosha mkono, pakiti inaning'inia, mpaka akahisi kwamba hakuna anayeipokea.

"Mama," binti alisema polepole, bila kugeuza kichwa kwa sababu nywele zake zilikuwa mikononi mwa mama yake. "Baba haoni vizuri. Nilidhani unajua. Ananiita nimsomee ujumbe kwenye simu, anasema amesahau miwani. Baba hana miwani."

Msusi aliuachia msuko, ukafumuka wenyewe. La kwanza lililomjia lilikuwa furaha, furaha ya aibu iliyompanda mpaka kooni: hakukusudia, mume wangu hakukusudia. La pili lilikuja nyuma yake likiwa limekaza uso: basi Mpole anafukuzwa kwa sababu ya macho haya.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Si kitu kikubwa. Ukungu tu. Kama mtu anatazama kupitia kioo cha bafuni." Kipimo alizima redio. "Karibu miezi mitano. Nguo naijua kwa mkono, hata gizani. Tundu, mshono uliolegea, zipu inayokwama, vyote vinakuja vidoleni."

"Na doa?"

Kipimo aliiweka redio chini.

"Doa linakuja vidoleni, baba?" msusi aliuliza tena.

"Doa halina mwili," alisema. "Lakini mbona zangu hazijarudi? Ningekuwa nakosea, zangu zingerudi."

Msusi alishuka kwenye kigoda chake akakaa mkekani, mbele yake kabisa, ili amwone. Alimweleza. Sketi ya mwalimu, mikono iliyoipokea, uzi uliokutwa. Alisema polepole kama anavyomfumua mtoto mwenye kichwa kinachouma. Kipimo alisikiliza huku vidole vyake vikizungusha pakiti ya nywele, vinazungusha, kisha vikasimama.

"Kopo," alisema.

"Kopo gani?"

"La biskuti. Ndimo zinamokaa nyuzi zote mbili na sindano. Langu roli nililiweka kulia, nikajiambia, kulia ni kwangu. Mpole akichukua lake..."

"Analirudisha popote. Yeye anaona."

Kipimo alifunika uso kwa mikono. Hata hivyo haikupita dakika akaifunua, na sauti aliyotoa ilikuwa ya mtu anayepanga kazi. "Nitalikata roli langu alama. Kwa kisu, hapa kwenye ukingo, niwe nalisikia kwa kidole. Halitachanganyika tena. Na nguo nyeupe nitamwachia mwenzangu azipokee yeye."

"Mwenzako yupi? Mwenzako anaondoka kesho."

"Yule bado kijana. Atapata kazi mahali."

"Na mdogo wake?"

"Na mimi nalea nani hapa, paka?" Alipandisha sauti, akamkumbuka binti, akaishusha. "Miaka kumi na tisa, mke wangu. Nikitoka pale nakwenda wapi na macho haya? Kulinda geti? Nitamfungulia mwizi nimsalimie shikamoo."

Binti karibu acheke, akajizuia kwa kuuma mdomo. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imesukwa, nusu imesimama kama manyoya ya kuku aliyelowa mvua.

"Usinione ninakusema," msusi alisema. "Mimi nilijua jana, pale pale dukani. Niliona sketi ni yako, uzi si wako, nikanyamaza. Nikarudi hapa nikapiga hesabu, nikaona heri aondoke yeye. Na wakati huo sikujua habari ya macho. Nilidhani umefanya makusudi."

Kipimo aliinua kichwa. "Ulidhani mimi naweza kumfanyia hivyo yule mtoto?"

"Nilidhani. Nisamehe."

"Usiku mzima umelala pembeni yangu unadhani hivyo?"

"Ndiyo."

Jirani alipita na ndoo, akasalimia, wakaitikia wote watatu kwa pamoja kama watoto wa darasani. Kipimo alingoja nyayo zake ziishe.

"Basi nikinyamaza kesho," alisema, "utakuwa umedhani kweli."

Msusi aliichukua pakiti ya zambarau mkononi mwa mumewe, akaiweka chini, akatafuta ile ya kijani mwenyewe. Baada ya muda Kipimo alisema, "Twende wote. Si kunishika mkono, njia naijua. Unizuie tu nisigeuke."

Jumatatu asubuhi, njiani, Kipimo alitaka kugeuka mara mbili. Mara ya kwanza kwenye kona ya mwuza magazeti, alipojiambia kwamba labda Tajiri hatakuwepo leo. Mara ya pili mlangoni kabisa, aliposikia sauti ya Mpole ndani ikisema asante.

Mpole alikuwa amevaa nguo zake nzuri, kama mtu anayekwenda kuomba kazi na si anayefukuzwa. Mfuko mdogo wa plastiki ulikuwa juu ya meza, na ndani yake kikombe, kanga moja na kitana. Miaka minne ilikuwa imeingia yote kwenye mfuko ule na nafasi ikabaki. Tajiri alikuwa anampa bahasha. Wateja wawili walikuwa kwenye nguo za watoto.

"Tajiri," Kipimo alisema, "usimpe."

"Kipimo, tafadhali. Usiniongezee uzito."

"Nguo zile ni zangu. Zote tano, au karibu zote. Mimi ndiye nilizipokea nikazitia uzi wake."

Tajiri alimtazama, akamtazama mkewe, kisha akaishusha bahasha. "Umekuja kumwokoa mwenzako. Nakusifu, lakini sitaki maigizo asubuhi hii."

"Si maigizo, mama," msusi alisema. "Sketi ya sufu niliiona akiipokea. Nilikuwepo. Jumamosi nilinyamaza."

"Kwa nini atie uzi usio wake?"

"Kwa sababu siuoni," Kipimo alisema.

Tajiri alifungua lile kopo la biskuti, akatoa maroli mawili ya uzi, akayainua moja kila mkono. "Lako lipi?"

Kipimo alisogea mpaka pua yake ikakaribia vidole vya Tajiri. Wateja wawili waligeuka. Mmoja alitabasamu akidhani ni mchezo, na alipomwona Kipimo anaonyesha roli la bluu akasema kwa furaha, "Umekosa, mzee! Jaribu tena!" Hakuna aliyemjibu. Tabasamu lilimganda usoni, akarudi kwenye nguo za watoto akaanza kuzitazama kwa bidii kubwa.

Tajiri alitoa sanduku la nguo zilizorudishwa akamwekea Kipimo nguo moja moja mkononi. Koti alilipapasa, akasema, "La yule dereva, lilikuwa na mfuko wa ndani umeshonwa kwa mkono. Langu." Blauzi yenye wino, yake. Suruali ya kitani, yake. Ya nne, gauni la pamba, alilishika muda mrefu. "Hili silijui," alisema. "Hili labda lake kweli."

"Ni langu," Mpole alisema. "Hilo nalikumbuka. Kifungo kilikatika. Hilo moja." Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuzungumza tangu waingie. Alikuwa ameushika mfuko wake kifuani, na uso wake haukuwa na hata chembe ya shukrani.

"Mdogo wangu..." Kipimo alianza.

"Usiniite hivyo, kaka, subiri kwanza." Sauti ilikuwa inatetemeka lakini haikuwa ndogo tena. "Unajua nilikuwa nafanya nini? Narudi nyumbani naanika nguo za mdogo wangu kwenye kamba, nazikagua moja moja. Namwambia anitafutie doa ambalo sijaliona. Mtoto anaumwa, namtafutisha madoa! Nilisema kichwa changu kimeharibika. Nilikuja hapa kila siku naogopa macho yangu mwenyewe. Na wewe unanipapasa bega, jikaze, jikaze."

"Sikujua kama nyuzi..."

"Nyuzi hukujua. Macho ulijua."

Msusi alisogea hatua moja kuelekea kwa mumewe, kisha akaona si pahali pake kusogea, akabaki alipo. Lilikuwa neno la haki, na lilipaswa kumfikia mwenyewe.

"Niliogopa," Kipimo alisema hatimaye. "Niliona nikisema sioni, mtasema Kipimo amekwisha. Nikaona afadhali nijifiche. Wewe ndiye umelipia maficho yangu. Sina neno lingine, dada."

Tajiri alikuwa ameketi. Alirudisha nguo sandukuni, akazikunja vizuri ingawa zilikuwa za kutupwa. "Mama yangu alikuwa na mtoto wa jicho," alisema. "Alituficha mwaka mzima. Alikuwa anatia chumvi kwenye chai yetu, na sisi tunakunywa tunamsifu." Alimsukumia Mpole ile bahasha. "Hii chukua. Si ya kuagana. Ni ya aibu uliyoipata Jumamosi mbele ya watu, ingawa najua haitoshi. Kanga na kikombe virudishe ulikovitoa." Kisha akamgeukia Kipimo. "Wewe siwezi kukuweka mezani. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Ungeniambia mwezi wa kwanza, ningekupeleka hospitali mimi mwenyewe, na meza yako ningeifunika kitambaa ikakungoja. Umeniambia siku ya kumfukuza mtu. Nenda kwa daktari wa macho. Mshahara wa mwezi huu utaupata. Ukirudi unaona, njoo tuzungumze, na atakayeamua kama ukae hapa ni huyu, si mimi." Alimwonyesha Mpole kwa kidevu.

Mpole alikuwa anatundika kanga yake kwenye msumari. Hakugeuka. "Sijui," alisema. "Kwa leo sijui, kaka."

"Ni sawa," Kipimo alisema.

Wangeondoka hapo, lakini mlango ulikuwa umezibwa na mwanamume aliyekuwa anaingiza begi kubwa kwa kulisukuma na goti. Alikuwa amekuja kuuza. Alilipandisha begi juu ya meza akaanza kutoa mashati, moja baada ya jingine, yamepigwa pasi yote. "Mapya kabisa," alisema. "Nimeyavaa mara mbili, kazini tu, tena kwenye kiyoyozi."

Mkono wa Kipimo uliondoka wenyewe ukaelekea kwenye shati la juu, kwa mazoea. Ukasimama hewani. Alikumbuka, akaurudisha, akauficha mfukoni.

Mpole alivuta kiti cha mapokezi. Alilichukua shati, akalitazama, akalitazama tena, akaligeuza ndani nje, akalirudisha nje. Vidole vyake vilikuwa vizito. Mwenye mashati alitazama saa. Tajiri alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Msusi aliona jinsi msichana yule alivyoinua macho mara moja, akamtazama Kipimo, karibu amwulize, kisha akayashusha. Akalipeleka shati dirishani. Alisimama pale kwenye mwanga, mgongo umewageukia wote, kwa muda uliotosha kununua na kuuza nguo tatu.

"Hili silichukui," alisema aliporudi. "Lina doa kifuani."

"Doa? Doa wapi, dada? Shati jeupe pee!"

"Hapa chini ya mfuko."

"Hicho ni kivuli."

"Ni doa, kaka. La mafuta. Mengine nayachukua, hili rudi nalo." Hakupandisha sauti, wala hakulegeza. Alilikunja shati akamwekea pembeni, akashika la pili.

Kipimo alikuwa amesimama mlangoni na uso wake umeelekea kule sauti ilikotoka. Alimwinamia mkewe sikioni.

"Lipo kweli?"

Msusi alilitazama shati kutoka pale alipo. Ilimbidi akaze macho. "Lipo."

"Kubwa?"

"Dogo. Kama punje ya mchele."

Kipimo alivuta pumzi ndefu, akaitoa polepole.

"Basi haya," alisema. "Nipeleke huko hospitali."